Sungura wa Shule na Ndizi Mbivu

Katika hadithi tulizosomeshwa utotoni, sungura huruka na kuruka akizitamani ndizi mbivu asizoweza kuzifikia. Hapana ubaya katika hadithi. Ubaya huanza pale wanafunzi wanapokwenda bandani na ndoo ya matunda yaliyosalia jikoni, wakiamini kuwa wanamtimizia mnyama haja yake ya asili. Sungura hula kwa furaha. Baada ya siku mbili tatu huharisha, wadogo hufa, na watu husema banda limeingiliwa na ugonjwa. Kwa maoni yangu, aghalabu ugonjwa huo umeingia kwa mkono wetu wenyewe.

Kwanza yafaa tumjue mnyama tunayemzungumzia. Sungura wa porini wa nchi zetu ni wa jenasi Lepus, na pengine ndiye mwenye hadithi. Huyu wa bandani, Oryctolagus cuniculus, asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, ambako wazee wake waliishi hasa kwa nyasi na magugu. Meno yake hukua maisha yote, na hupunguzwa kwa kusaga majani yenye nyuzinyuzi ngumu. Mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana pana mfuko uitwao sekamu, mkubwa kuliko tumbo la chakula lenyewe. Humo bakteria huchachusha mabaki ya majani, na mazao ya kazi hiyo hutoka kama vinyesi laini ambavyo sungura huvila mara vitokapo mwilini, akajipatia protini na vitamini za kundi B. Wanafunzi hucheka waelezwapo jambo hili. Na wacheke, lakini wasilisahau, kwa maana ndilo kiini cha habari yote.

Sukari nyingi ikifika ndani ya sekamu, bakteria waliozoea nyuzinyuzi huzidiwa, na wengine, miongoni mwao Clostridium spiroforme atoaye sumu, hupata nafasi ya kustawi. Sungura mchanga, ambaye bakteria wake hawajatulia, huathirika upesi zaidi. Kwa hiyo asipewe matunda kabisa kabla ya kutimiza miezi mitatu. Tena sungura hana uwezo wa kutapika. Alichokimeza hakirudi.

Wako wasemao kuwa mnyama hujua kinachomfaa. Hoja hii haina nguvu. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona sungura wa majumbani wakipewa vyakula vya dukani vilivyochanganywa na matunda makavu: walichagua vitamu, wakaacha vyenye nyuzinyuzi. Ulimi wa sungura huvutwa na sukari kama ulimi wetu, wala mvuto huo hauthibitishi manufaa.

Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Ndizi mbivu ya gramu 100 ina sukari ipatayo gramu 12. Kumpa sungura wa kilo 2 ndizi hiyo, kwa uwiano wa uzito, ni sawa na kumlisha mwanafunzi wa kilo 50 ndizi 25. Mwalimu mwangalifu atapinga kuwa mwili mdogo hutumia nishati upesi zaidi kwa kila kilo. Ni kweli, lakini hata tukisahihisha kwa sababu hiyo, bado tutapata ndizi kama 11 kwa mlo mmoja.

Sisemi matunda yapigwe marufuku. Kipande cha papai, embe au ndizi kisichozidi kijiko kimoja cha chai, mara mbili kwa juma, hakimdhuru sungura mzima mwenye afya, nacho humzoeza kumwendea mtunzaji wake. Kokwa na mbegu ziondolewe, hasa mbegu za tufaha. Parachichi asipewe hata kidogo, wala majani yake, kwa kuwa lina persini, sumu inayoweza kuudhuru moyo wake. Nanasi na papai husifiwa kuwa huyeyusha manyoya yaliyokusanyika tumboni. Sifa hiyo si ya kweli, kwani vimeng'enya vyake huvunja protini nyingine lakini haviyeyushi unywele. Kinachoyasukuma manyoya ni nyasi na maji.

Nyasi, mbichi au zilizokaushwa vizuri, ziwepo bandani usiku na mchana. Ningependa kila shule iwe na daftari mlangoni pa banda, mwanafunzi wa zamu aandike kilicholiwa, matunda yaliyotolewa kwa gramu, na hali ya vinyesi. Vinyesi laini vinavyosalia bila kuliwa ni dalili ya mapema kuwa utamu umezidi, nazo punje zikipungua au kukoma jambo ni zito zaidi. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula apelekwe kwa mganga wa mifugo siku ile ile, wala asibembelezwe kwa ndizi.