Sehemu ya 6: Desemba, vitabu vya MTUHA na kadi ya mtoto wako

Tangu wiki iliyopita wengi mmeniuliza inboksi swali moja: "Nesi, mbona kila mwisho wa mwaka tukija kliniki tunakuta mmeinamia madaftari na foleni haisogei?" Leo najibu, na nasema ninavyoona mimi.

Hayo madaftari ni vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila kitabu kina namba na kazi yake. Namba 5 wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito, namba 7 watoto, namba 12 wodi ya wazazi, namba 13 mama baada ya kujifungua. Ukitoka chumba cha chanjo unaacha mstari wako humo. Mwisho wa mwezi mistari inajumlishwa, inaingia kwenye fomu, kisha kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ambao wilaya, mkoa na Wizara wote wanauona. Desemba wakubwa wanataka picha ya mwaka mzima. Na Desemba hiyo hiyo ndiyo mwezi wa matone ya vitamini A na dawa za minyoo, halafu nusu ya watumishi wameomba likizo. Juni nako, tarehe 30 serikali inafunga mwaka wa fedha, habari ni ile ile, ila sasa ni upande wa hela.

Sasa msimamo wangu. Kituo kinachosimamisha chanjo Desemba ili kihesabu vitabu kimechelewa tangu Februari. Ripoti ya mwaka inaandikwa Jumanne ya kawaida mwezi wa tatu, pale nesi anapomaliza kuchoma sindano na kujaza mstari hapo hapo. Akisema "nitajaza jioni" imekula kwetu. Jioni haiji, jamani. Jioni kuna mama kaletwa na bodaboda, njia imeshafunguka yote.

Nimepita vituo vya aina zote mbili. Kimoja, sikitaji, alikuwepo mtu mmoja tu anayejua kujumlisha. Akiugua, ripoti imelala. Kingine mganga mfawidhi alikuwa na utaratibu mdogo sana: kila Ijumaa mchana watu wawili wanakaa, mmoja anasoma karatasi ya kuhesabia, mwenzake anasoma kitabu. Namba zikipishana wanatafuta siku hiyo hiyo, maana bado wanakumbuka sura za watoto. Kisha wanaangalia friji: dozi ngapi zimetoka, watoto wangapi wamechanjwa. Hapa haziwezi kulingana kabisa, msishangae. Chupa ya surua ina dozi 10 na ikishafunguliwa ina saa 6 tu, kinachobaki kinatupwa. Lakini kilichotupwa nacho kiandikwe! Pale Desemba ilikuwa mwezi kama mwezi mwingine, na hakuna mama aliyeambiwa arudi wiki ijayo.

Mama utaniuliza, haya yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Chukua mfano: watoto 100 wameanza penta wiki ya 6, na waliomaliza dozi ya tatu wiki ya 14 ni 80. Hao 20 wapo mtaani, wana majina, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kutumwa kuwagongea mlango. Sasa mtu akiona aibu ya hiyo 80 mbele ya wakubwa, akaipika ikawa 98, wale watoto wamefutwa. Hakuna atakayewatafuta, kwa sababu kwenye karatasi wameshachanjwa. Mimi hili silioni kama kosa la karani, naliona kama kumnyima mtoto dozi. Na ukiandika pungufu nako ni shida, maana chanjo zinaagizwa kwa hizo namba. Mwaka unaofuata mama anafika, friji tupu.

Mnasikia kwenye hotuba kwamba vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Namba hizo zilitoka kwenye tafiti za kaya, ile ya 2015-16 na ile ya 2022. Tafiti hizo zinapita mara moja kwa miaka kadhaa. Katikati ya hapo kinachosema kituo gani kinaelemewa ni kitabu namba 12. Ndiyo maana naona ni dharau kukijaza kwa kukisia tarehe 30 Desemba usiku.

Kuandaa ripoti ni kazi yetu, si yenu. Ila kuna vitu vinavyotuangusha vinavyotoka nyumbani. Mtoto anapata BCG akiitwa "mtoto wa Asha", wiki ya 6 anaitwa Junior, miezi 9 kaja na jina la babu yake. Kwenye kitabu hao ni watoto watatu, na wawili kati yao "wamepotea". Ukisafiri kwenda kijijini kwa Krismasi, kadi ya kliniki iende na wewe, isibaki kabatini Dar wakati mtoto anachanjwa Moshi. Ukihama, tuambie. Umejifungulia nyumbani au njiani, njoo tuandike, hatugombezi. (Akikugombeza mtu, nitumie ujumbe.)

Na kabla hujanyanyuka kwenye kiti uliza tu kwa upole: "Nesi, umeniandika kitabuni?" Najua wenzangu wawili watatu watanuna wakisoma hapa. Wanune.

Sehemu ya 7 nitaongelea dozi ya pili ya surua-rubella, ile ya miezi 18, ambayo wazazi wengi wanaisahau kwa kudhani ya miezi 9 imetosha. Leo usiku fungua kadi ya mwanao uangalie kama imejazwa, halafu niandikie hapo chini umekuta nini.