Mwongoza Wavuvi Si Dereva wa Mashua

Kuna kasumba iliyotuingia baadhi yetu tuvuao kwa mshipi siku za mapumziko. Twaamini kwamba mtu aliyevua miaka mingi katika ziwa moja amekwisha kuyajua maziwa yote. Akifika ugenini hukodi mashua, humchukua kijana wa kuiendesha, kisha hunyoosha kidole na kusema: "Nipeleke pale." Kijana humpeleka pale. Jioni hurudi mikono mitupu wote wawili, na mgeni hulilaumu ziwa.

Ndugu wasomaji, mimi nimekuwa mgeni wa namna hiyo. Nimekulia Mwanza, ambako sangara hubururiwa chambo nyuma ya mashua hata ajinase kwa nguvu zake mwenyewe. Nilipokwenda Naivasha, nchini Kenya, kumtafuta samaki aitwaye besi, nilidhani ujuzi huo wanitosha. Mwenyeji mmoja aliletwa kwangu aniongoze, nikamkataa. Siku mbili nilizunguka juani katikati ya ziwa, sikupata hata mmoja. Siku ya tatu nilimwita yule yule niliyemkataa, nikamwambia ukweli: sijui, nifundishe.

Besi si mwenyeji wa maji yetu. Alitoka Amerika ya Kaskazini akapandikizwa Naivasha mwaka 1929. Ni samaki wa kuvizia. Mdomo wake ni mpana hata taya hupita nyuma ya jicho, naye hujificha kando ya mafunjo, chini ya majani ya yungiyungi au penye kisiki, akingoja samaki mdogo apite, au kamba wa Louisiana ambaye naye aliletwa ziwani humo mwaka 1970. Mimi nilikuwa nikimtafuta mahali ambapo hana haja ya kukaa.

Mwalimu wangu alizima injini mbali, akashika upondo. Hakunionyesha samaki kwanza, aliniuliza swali. "Mzee, unadhani kwa nini tumeanza upande huu?" Nilikisia kivuli. Akacheka, akanionyesha ncha za miti iliyokufa. Mahali tulipoelea palikuwa nchi kavu, palikuwa na migunga na ua wa nyaya, na vyote vingali chini ya maji.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Naivasha haina mto wa kutolea maji juu ya ardhi. Hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua na mito ya Malewa na Gilgil. Mwaka 2009 ziwa lilipungua hata watu wakahofia uhai wake. Mwaka 2020 lilifurika, maji yakaingia mtaa wa Kihoto na wenyeji wakahama. Kwa hiyo ukingo ulioonyeshwa na ramani yako huenda umehamia kwingine. Mafunjo nayo hukatika, yakaelea kama visiwa na kutia nanga upande mwingine. Tena tangu karpi alipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000 akichimbua matope, ziko sehemu ambazo maji yamekuwa machafu, na besi ni samaki awindaye kwa macho. Nani awezaye kuyajua hayo yote wiki hii, ila yule atokaye kila alfajiri?

Alinifundisha kutupa chambo kiambae mafunjo, si kuyaelekea. Alinikataza kuvuta kwa pupa: besi huonja chambo laini na huweza kukitema upesi, basi kwanza shusha ufito, kaza mshipi, ndipo uvute. Nilipoteza watatu kabla mkono haujaelewa. Baadaye tulimnasa mmoja penye maji mafupi, juu ya kishimo kilichofagiliwa. Akamrudisha majini mara moja. Huyo, alisema, ni dume alindaye mayai. Ukimchukua, umewachukua na watoto wake.

Saa saba mchana akageuza mashua, nami ndiyo kwanza nimeanza kufaulu. Nilinung'unika. Jina la ziwa hilo latokana na neno la Kimasai lenye maana ya maji ya msukosuko, naye alikuwa ameuona upepo kabla yangu. Tulipita mbali na vijia vya viboko tukafika gati. Muda mfupi baadaye ziwa lote lilikuwa povu jeupe.

Sasa nije kwenye aibu. Katika hoteli niliyofikia, hesabu niliyopewa ilitaja mashua, petroli, ufito na chakula. Mwalimu wangu alitajwa kwa neno moja: dereva. Nilimwuliza faraghani anapata nini katika fedha zile. Alisita, kisha akasema ni kidogo kuliko thamani ya petroli tuliyochoma. Mtu aliyeniokoa nisizame na kunifundisha nisichokijua alilipwa chini ya kinywaji cha injini!

Huko Marekani atokako besi, mvuvi wa miaka thelathini haoni haya kumkodi mwenyeji kwa siku yake ya kwanza katika ziwa la Okeechobee au la Guntersville. Huihesabu siku hiyo kuwa siku ya shule. Bei ya mwongozaji hujulikana mapema, na ukipakia abiria wa kulipa katika maji ya usafiri wa vyombo huna budi kuwa na leseni ya serikali kuu. Hiyo ni kazi, na huitwa kazi.

Wako wasemao kuwa mwongozaji huondoa raha ya kujitafutia. Raha ipi, ya siku mbili juani? Wengine wataja vyombo vya kupima kina kwa sauti. Navikubali, lakini chombo hicho kitakuambia kuna mti chini, hakitakuambia kiboko ameamka upande gani. Ni kweli pia kwamba wako waongozaji wasiojua ila kuendesha. Huyo utamtambua upesi: mwulize juzi samaki walikuwa wapi, na kwa nini. Anayejua ataanza kueleza kabla hujamaliza swali.

Basi wenye hoteli na waandike ujira wa mwongozaji katika mstari wake peke yake, mgeni auone. Vikundi vya usimamizi wa fukwe vipange kima ambacho mtu hatalipwa chini yake. Nasi wageni tupatane naye ana kwa ana kabla ya mashua kuondoka, saa ngapi na kwa kiasi gani, na tumwambie wazi kwamba tumekuja kujifunza.

Mwezi ujao nakwenda tena. Safari hii nimeandikiana na yeye mwenyewe, na hoteli itanikodisha mashua tu.