Mpeni mteja njia ya kuhama
SOKO LETU, na Salama Mwinyi

Kabla ya Julai 2014, wakala wa M-Pesa nchini Kenya hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine wa pesa. Kodi ya kibanda alilipa yeye, floti aliitafuta mwenyewe, lakini mteja wa Airtel Money akifika na noti mkononi, ilibidi amwambie aende kwingine. Airtel ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, na ndipo Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, ikakubali kuwaacha mawakala huru.

Kisa hicho kinaonyesha kuwa ukiritimba hauhitaji muuzaji awe peke yake. Washindani wanaweza kuwapo, wenye leseni na mabango, na bado mteja akawa hana pa kwenda.

Saluni za mtaani haziko hivyo. Kila msusi ana mkono wake: huyu havuti nywele, yule anakubali kulipwa mwisho wa mwezi. Kwa sababu hiyo anaweza kutoza zaidi kidogo ya jirani. Akizidisha, wateja wanaingia mlango wa pili, na mwenye kiti na kioo anaweza kufungua saluni kesho. Mwaka 1933 mwanauchumi Mmarekani Edward Chamberlin alilieleza soko la aina hii: wauzaji wengi, kila mmoja na upekee wake, wala hakuna anayemfunga mteja.

Pesa za simu ni ngumu zaidi, kwa kuwa thamani ya mtandao ni watu waliomo. Tangu 2011 Mkenya anaweza kuhamia kampuni nyingine na namba yake ileile, lakini akaunti ya M-Pesa haihami naye. Ndugu, mwenye nyumba na mwenye duka wote wanabaki upande wa pili. Kutuma pesa moja kwa moja kati ya Safaricom na Airtel kulianza 2018 tu, miaka 11 baada ya M-Pesa kuzaliwa.

Safaricom ilianzisha huduma iliyowafaa mamilioni, na faida yake ni halali. Kutangulia hakumpi mtu haki ya kufunga milango. Wadhibiti wetu wasitosheke kuhesabu leseni. Wapime gharama ya mteja kuhama, wahakikishe wakala anabaki huru, na kutuma pesa nje ya mtandao kusiwe ghali kuliko kutuma ndani. Bei itashuka pale kampuni itakapojua kwamba mteja wake anaweza kuondoka leo.