Kama ni Kitabu cha Bwana, Mbona Aliikata?

Wiki hii tuweke pembeni kidogo mambo ya mapenzi na harusi. Kuna hoja moja inazunguka sana vijiweni na kwenye daladala: eti Biblia ni kitabu cha Mzungu, kililetwa kumlaza usingizi Mwafrika ili asione anavyoibiwa. Ukimtaja Mungu tu, mshkaji anakukata kauli: "Wewe umetawaliwa akili!"

Wengi wetu tulioamini tunajibu kwa kufoka, au tunamwambia atachomwa moto. Jamani, huko siyo kujibu. Mtu akiuliza swali la maana apewe jibu la maana.

Tuanze na hilo la Mzungu. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, sawa. Lakini Maandiko ya Kiebrania yalianza kutafsiriwa kwa Kigiriki pale Alexandria, Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo. Misri iko wapi, si Afrika? Na Ethiopia je? Mfalme Ezana wa Aksum alikuwa Mkristo katika karne ya nne, na Waethiopia wakawa na Biblia kwa Kigeez karne nyingi kabla Mwingereza hajapata Biblia nzima kwa lugha yake. Sasa nani kamletea nani?

Mwingine atasema imeshabadilishwa hiyo. Mwaka 1947 Mabedui wachunga mbuzi walikuta magombo ya kale kwenye pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Gombo la Isaya lililokutwa humo lina umri wa miaka kama elfu moja zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikijulikana. Walipolinganisha, tofauti zilikuwepo, nyingi za herufi na maneno ya hapa na pale, lakini Isaya ni yule yule. Hilo halithibitishi kwamba aliyesema naye ni Mungu. Hapo ni imani. Ila anayedai kitabu kiliandikwa upya baadaye, kazi anayo.

Sasa tuje kwenye utumwa, maana ndiko kunakouma. Ni kweli mabwana wa watumwa waliishika Biblia mkononi. Lakini mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Unajua walichokiondoa? Habari ya Musa kuwatoa Waisraeli utumwani Misri! Na yale ya Paulo kwamba ndani ya Kristo mtumwa na mtu huru ni wamoja, nayo nje. Agizo la mtumwa kumtii bwana wake likaachwa palepale.

Jiulize mwenyewe: kama kitabu kizima kilikuwa cha kumlaza mtumwa, waliogopa nini hadi wakakikata? Bwana alijua fika kwamba kikisomwa chote, kitamgeukia yeye.

Na hapa ndugu zangu waumini msicheke, zamu yetu imefika. Mume anayekariri habari ya mke kutii, halafu anaruka pale anapoambiwa ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa, naye anakata. Mhubiri anayejua aya za sadaka tu, za wajane na yatima hazioni, naye anakata. Tunasema Biblia ina mamlaka, lakini mamlaka gani hayo yanayomgusa jirani tu, mimi yananipita? Mshkaji wa kijiweni anatuangalia sisi kabla hajafungua kitabu, na ndiyo maana hafungui.

Kwa hiyo wewe mwenye mashaka, kisome chote ndipo uhukumu. Na wewe unayeamini, kisome chote ndipo utetee, ukianza na ile aya unayoikwepa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.