Ulimwengu uliopungua sifuri

Umeme ulikatika saa tatu usiku. Kompyuta yangu ya mtumba ilikuwa imebakiza betri ya dakika arobaini, na kwenye kioo chake kiasi cha maada ya giza ulimwenguni kilikuwa hasi. Pungufu ya sifuri! Nikacheka peke yangu.

Jina lenyewe silipendi. Kitu cha giza huzuia mwanga. Hii mwanga unaipita kana kwamba haipo. Inajulikana kwa mvuto wake tu: mwaka 1933 Fritz Zwicky aliona galaksi za kundi la Coma zinakimbia kupita kiasi, na vipimo vya setilaiti ya Planck vinaipa uzito wa mara tano hivi ya maada ya kawaida. Kwa nini mara tano, isiwe elfu?

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huwa nawaeleza kwa habari ya madeni. Mji mdogo una wadai na wadaiwa. Wakikutana, deni linaisha na wote wawili wanafutwa daftarini. Mji ukiwa wa moto, wengine wanazaliwa papo hapo. Ukipoa, hawazaliwi tena, na huku mji unatanuka, mitaa inaachana. Inafika siku mdai anazunguka mpaka soli zinaisha, mdaiwa hamwoni. Madeni yaliyobaki siku hiyo hayalipwi tena. Mji huo ndio ulimwengu, na wadai na wadaiwa ni chembe za maada ya giza. Kwa chembe yenye uzito wa protoni mia hivi, siku hiyo ilifika kabla sekunde ya kwanza haijatimiza hata sehemu moja ya milioni kumi.

Na mdai mvivu ndiye anayeacha madeni mengi. Nikizidisha mara mbili wepesi wa chembe kuangamizana, kinachobaki kinapungua karibu nusu.

Yote hayo ni mlinganyo mmoja, mistari thelathini ya Python. Ila una ukorofi: mwanzoni unakwenda kasi mno, ukipiga hatua ndefu unaruka, unatua kwenye hasi. Nikaacha kukadiria hatua kwa mteremko wa pale nilipo, nikatumia wa kule ninakokwenda. Ukatulia kwenye 0.12, namba ileile ya wingi wa maada ya giza iliyopimwa na Planck. Sijisifu, wepesi wa kuangamizana niliuchagua mwenyewe. Kinachoninyima usingizi ni kwamba niliohitaji unakaribia ule wa nguvu hafifu, ambayo fizikia iliijua kwa sababu nyingine kabisa. Hata hivyo mtambo wa LUX-ZEPLIN, wenye tani saba za xenoni chini ya ardhi huko South Dakota, haujanasa chembe hiyo. Huenda hadithi yangu ya madeni ni ya uongo.

Sasa naambiwa na walimu wenzangu kwamba mambo haya si saizi yetu. Tani saba za xenoni, nakubali. Lakini mistari thelathini? Vijana wetu wanasoma milinganyo ya mabadiliko, wanaikokotoa ubaoni ikatoka safi, kwa sababu tunawachagulia inayotoka safi. Ule unaokataa hawajawahi kukutana nao. Mimi ningefuta maswali mawili ya mtihani wa ndani, niwape kompyuta moja kwa watu wanne na wiki mbili za kukosea.

Betri ilizima nikiwa nanakili 0.12 kwenye daftari. Jumatatu nawapelekea ile programu ya kwanza, yenye hasi, jinsi ilivyo.