Majitaka yana mbolea, lakini nani atazoa tope?

Mkulima wa mchicha katika bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, ana vitu viwili ambavyo wakulima wengi wa mikoani wanavililia: maji mwaka mzima na soko lililo jirani. Tatizo ni kwamba maji hayo yamechanganyika na uchafu wa vyooni na viwandani. Mteja akiingiwa na hofu, hasara inamwangukia mkulima huyo, pamoja na mama anayeuza mafungu sokoni Buguruni au Ilala.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 jijini humo. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Mabomba ya majitaka hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Wakazi walio wengi hutumia vyoo vya shimo na makaro, na magari ya kunyonya hupeleka majitaka kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Wapo wasiomudu gharama ya gari, ambao husubiri mvua wakatapisha vyoo, na uchafu huo huishia mtoni.

Kwa miji ya nchi za joto, mabwawa ni njia nafuu, kwani kazi kubwa hufanywa na jua. Bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, hutuamisha taka nzito. La pili huota mwani, ambao hutoa oksijeni inayotumiwa na bakteria wanaokula uchafu. Ya mwisho huwa na kina cha mita 1 hivi, ili jua lipenye na kuua vijidudu. Maji yakipita polepole, mayai ya minyoo huzama, huku sehemu ya naitrojeni na fosforasi ikibaki majini. Hiyo ni mbolea ambayo mkulima angeinunua dukani.

Hata hivyo, unafuu huo una masharti. Tope la bwawa la kwanza linatakiwa kuzolewa linapofikia theluthi moja ya ujazo wake. Lisipozolewa, nafasi hupungua na maji hupita haraka yakiwa bado na minyoo. Kuzoa tope hakuna sherehe wala utepe wa kukata, hivyo ni rahisi kuahirishwa kwenye bajeti. Lakini mamlaka inayoahirisha haijaokoa fedha. Imemhamishia mkulima deni.

Jua nalo lina mipaka. Haliondoi metali nzito kama risasi na kromiamu. Hizo lazima zizuiwe kiwandani, kabla maji hayajaingia kwenye bomba.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2006 unahimiza kinga katika kila hatua, badala ya kutegemea mtambo peke yake. Mkulima amwagilie shinani, si juu ya majani, na aache kumwagilia kwa maji hayo siku chache kabla ya kuvuna. Mfanyabiashara asioshe mboga mtoni, bali atumie maji safi. Mlaji aoshe na kupika vizuri.

Vikundi vya wakulima navyo vina maswali mawili ya kuiuliza mamlaka husika: tope lilizolewa lini, na maji yanayotoka bwawani yalipimwa lini? Majibu yakibandikwa hadharani, mkulima atakuwa na cha kumwonyesha mteja anayesitasita kununua.