Taa ya bastola haiko tochi ya kutafutia watu

Usiku, ku barrière ya mine, mulinzi ana ulizo moja la kujibu mbele ya yote: huyu anayekuja ni nani? Anaweza kuwa mufanyakazi wa poste ya usiku anayerudi nyumbani, creuseur mwenye mufuko mugongoni, ao mwizi mwenye silaha. Mu giza wote watatu wanafanana. Njo maana kuko mazungumuzo juu ya taa na leza zinazofungwa chini ya mudomo wa bastola. Wauzaji wanasema zinaokoa maisha. Sisi wa sendika tuangalie neno hilo vizuri, juu wanaopita mbele ya hizo bastola ni sisi na watoto wetu.

Faida yake iko ya kweli. Mutu anayepiga masasi mu giza bila kuona anaweza kuua yule asiyepaswa kufa. Taa inaonyesha sura, na zaidi inaonyesha mikono: imeshika kisu ao simu? Tena, taa ikikaa kwenye bastola, mukono wa pili unabaki huru kufungua mulango ao kushika radio.

Lakini kila muchimbaji anajua lampe ya casque. Taa ile inafuata kichwa. Ukimwangalia mwenzako usoni unamupofusha, na kwa hiyo tunageuza kichwa kidogo wakati wa kusemezana. Taa ya bastola nayo inafuata mudomo wa bastola. Kumumulika mutu usoni ni kumuelekezea bastola usoni. Na sheria ya kwanza ya silaha inasema: usielekeze mudomo wake ku kitu ambacho hauko tayari kupiga. Wenye mafunzo mazuri wanamulika chini, na mwanga unaorudi toka udongoni unawatosha kuona mutu wa karibu. Lakini hiyo inaomba mazoezi mengi ya usiku. Mulinzi asiye nayo ataelekeza silaha kwa kila mutu anayepita.

Kuko na hatari ya kidole. Mwaka 2010, mu muji wa Plano, jimbo la Texas, Marekani, polisi mumoja alimuua mutu kwa sasi. Alieleza kama alitaka kuwasha taa, kumbe akavuta kifyatulio. Swichi ya taa ile ilikuwa ku mushiko, chini ya kifyatulio. Mwaka 2014, polisi ya Denver nayo ilisimamisha swichi za namna hiyo. Na hao ni watu wanaopata mafunzo. Mwili wetu pia uko na tabia yake: mutu akishtuka, ao mukono mumoja ukikaza kwa nguvu, vidole vya mukono mwingine navyo vinakaza.

Leza ni neno lingine. Ni nukta ya rangi inayoonyesha pahali sasi litagonga, basi. Haionyeshe uso wa mutu wala mikono yake. Leza nyekundu inapotea ku jua kali. Ya kijani inaonekana zaidi. Zote zinapaswa kupimwa na kurekebishwa, juu mwanga na sasi havitoke mu tundu moja. Wengine wanasema nukta kifuani inaogopesha mwizi bila kupiga sasi. Sawa, lakini creuseur akiogopa anakimbia, na mutu anayekimbia mu giza pembeni ya mashimo anaweza kufa bila sasi hata moja.

Tuangalie sasa nani anashika bastola. Mu inchi yetu, kampuni za ulinzi za watu binafsi hazina ruhusa ya kubeba silaha za moto. Silaha iko mikononi mwa polisi na askari wa serikali. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zinasema silaha ya moto ni ya kulinda uhai, na mutu anapaswa kuonywa kwanza. Mufuko wa mawe ya cobalt hauko uhai. Tena, kuko Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu za mwaka 2000: kampuni zilizozikubali zinapaswa kufuata namna vyombo wanavyopatia polisi ao askari vinatumiwa. Kwa hiyo patron asituambie kama haiko kazi yake.

Délégués wetu mu comité ya sécurité na hygiène waombe mambo matatu. La kwanza: taa kubwa ku barrière na ku njia ya wafanyakazi, na tochi ya mukono kwa kila mulinzi. Tochi ya mukono inauliza "weye nani?" bila kutisha kuua. La pili: hakuna taa ku bastola bila mazoezi ya usiku, bila mufuko wa bastola unaoenea na taa yake, na hakuna swichi chini ya kifyatulio. La tatu: kila mara silaha inaelekezwa kwa mutu, iandikwe mu kitabu, na délégués wakione.

Taa ku nguzo inamulika watu wote na haimuelekezee mutu yeyote silaha. Tuanze na hiyo. Mambo ya bastola yafuate nyuma.